Mji wa Myombekere: Kijiji na Kazi Zake katika Hadithi za Kiswahili

Kiswahili kilikulia katika miji ya pwani, na katika maneno yake ya kupimia watu kimehifadhi macho ya mtu wa mjini. Mshamba kwa asili ni mtu akaaye shamba, nje ya mji. Lakini ni mara chache neno hili kutumika kwa maana hiyo tupu. Aitwaye mshamba huwa amekosea kuvaa, kula au kusema mbele ya watu, hata kama katika maisha yake hakupata kushika jembe. Na ushamba umekuwa jina la upungufu wa adabu na ujuzi. Ustaarabu umepewa mji. Kijiji, ambacho kwa umbo la neno lenyewe ni mji mdogo, kimeachiwa mabaki. Dharau ya namna hii haikosekani katika lugha za mataifa mengine, wala Kiswahili hakistahili kulaumiwa peke yake. Lakini katika Kiswahili ina uzito wa pekee, kwa sababu lugha hii iliondoka pwani zamani, ikawa lugha ya watu wa bara ambao wengi wao ni wakulima, wafugaji na wavuvi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania, na karibu theluthi mbili yao wakaa vijijini. Basi yafaa kuulizwa: katika hadithi ndefu zilizoandikwa kwa lugha hii, ni nani aliyekijua kijiji, na alikijua kwa njia gani?

Swali hili laweza kujibiwa bila kikomo kama mifano itaokotwa kila mahali. Ni afadhali kuchagua mahali pamoja na kupatazama vizuri. Kisiwa cha Ukerewe, katika upande wa kusini wa Ziwa Victoria, kimetoa watungaji watatu walioandika habari za vijiji. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896 akafa 1981. Wa pili ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa 1938, ambaye hadithi yake ya Kiingereza, Village in Uhuru, ilitoka 1969. Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 akafa 2020. Ruhumbika ana deni lake la sifa, maana ndiye aliyekifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka 2002. Lakini hapa watapimwa zaidi Kitereza na Kezilahabi, kwa sababu kazi zao kubwa zimo katika Kiswahili, na kwa sababu kila mmoja wao aliona jambo ambalo mwenziwe hakuliona.

Kabla ya kufika Ukerewe, hapana budi kupita kwa Shaaban Robert, maana mfano wake ulitangulia na kivuli chake ni kirefu. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake mtungaji, Utubora aacha kazi ya mjini na kwenda Busutamu kuwa mkulima. Jina Busutamu lakumbusha bustani, na kwa kweli mahali penyewe ni bustani kuliko kijiji. Utubora aenda huko kutafuta utulivu wa moyo na kuonyesha heshima ya kazi ya mikono. Nia ya kitabu ni njema, na kwa wakati wake ilikuwa ya ushujaa, maana vijana waliokuwa wamepata elimu kidogo walikuwa wakilikimbia jembe kama ugonjwa. Kitabu chataka kumwondolea mkulima aibu, na chafaulu. Lakini msomaji akifunga kitabu na kuulizwa ni mbegu gani zilizopandwa Busutamu, zilipandwa mwezi gani, palizi ilifanywa na nani, na jirani alipokopa jembe alilirudisha na nini, atakuwa na machache sana ya kujibu. Kilimo katika kitabu hiki ni sifa ya tabia. Mkulima ametukuzwa, ukulima wenyewe haukuelezwa. Hii ndiyo njia ya kwanza ya kukitazama kijiji, nayo ni njia ya mtu aendaye huko kutoka mjini akiwa amechoka.

Kitereza alikuwa upande mwingine wa safari hiyo. Hakwenda kijijini, alikuwako. Alisomeshwa na wamisionari Wakatoliki, akajua lugha kadha za kigeni, kisha akarudi Ukerewe na kukaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Alipotaka kuandika maisha ya wazee wake kabla ya kuja Wazungu, aliandika kwa Kikerewe, na kazi hiyo aliimaliza 1945. Mchapaji hakupatikana, kwa kuwa wasemaji wa lugha ile walihesabiwa kuwa wachache mno. Mwishowe mtungaji mwenyewe alikifasiri kitabu chake kwa Kiswahili, na kikachapishwa 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kutoka kuandikwa mpaka kuchapishwa ilipita miaka 35. Mtungaji alikufa mwaka uliofuata, kabla vitabu vilivyochapwa havijamfikia mkononi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wapendanao, lakini hawana mtoto aliye hai. Jamaa za mume wamsema mke kwa utasa, na maneno yao yawa makali hata wazazi wa Bugonoka waja kumtwaa binti yao. Myombekere abaki peke yake. Aenda ukweni kumtaka mkewe. Baada ya mashauri atozwa faini ya pombe ya ndizi, nayo ni lazima ailipe kabla ya kumrudisha. Ailipa, mke arudi, wamwendea mganga, na baada ya matibabu marefu wapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Kisha hadithi yawafuata watoto hao mpaka nao wawe watu wazima.

Msomaji aliyezoea visa vya haraka hulalamika kwamba kitabu ni kirefu na kwamba mtungaji husimama kila hatua kueleza desturi: jinsi watu wasalimianavyo, jinsi mgeni akaribishwavyo, jinsi dawa ichimbwavyo, jinsi nyumba ijengwavyo. Wengine husema kwamba hii si hadithi bali ni kumbukumbu ya mila iliyovishwa nguo ya hadithi. Lawama hii ni ya kweli kwa kiasi, maana ziko kurasa ambazo mtungaji amewaacha watu wake wamesimama mlangoni wakati yeye akimfundisha msomaji. Lakini kwa sehemu kubwa lawama hii imekosea mahali pa kutazama, na faini ya pombe yatosha kuonyesha kosa hilo.

Kwa mtu wa mjini, faini ya pombe ni jambo la fedha na duka. Kwa Myombekere ni kazi ya siku nyingi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza. Katika nchi za Ziwa pombe ya ndizi yataka ndizi za aina yake, zikatwe kwa wakati wake, zivundikwe mpaka ziive zote pamoja, zikamuliwe kwa majani, maji yake yachanganywe na unga wa nafaka iliyokaangwa, kisha yaachwe yachachuke kwa muda unaojulikana. Yataka mtumbwi wa kukamulia, vyombo vya kutilia, kuni, maji, na mikono. Mtu asiyekuwa na migomba ya kutosha hana budi kuomba kwa jirani. Asiyekuwa na chombo hana budi kuazima. Kila aombwaye hupima kwanza: huyu alinifaa lini, na kesho atanifaa kwa nini? Kisha pombe iliyokwisha kuiva haina budi kuchukuliwa mpaka ukweni, nayo haichukuliwi na mtu mmoja. Hivyo hukumu iliyotolewa kwa maneno machache yaugeuza ujirani wote kuwa mwendo mmoja. Mtungaji angeandika kwamba Myombekere alilipa faini na kumrudisha mkewe, hadithi ingesonga mbele kwa kasi, na msomaji asingejua lo lote. Asingejua kwamba faini ile ilikuwa mtihani wa kumpima mkwe: je, ana watu? Maana mwanamume asiyeweza kukusanya mikono ya kutengeneza pombe hataweza kukusanya mikono ya kumwokoa mke siku ya njaa au ya ugonjwa. Maelezo ya kazi ndiyo kisa chenyewe. Anayeyaruka ameruka hadithi.

Ndivyo ilivyo pia katika siku za upweke wa Myombekere. Mkewe amekwenda, na mume aona nyumba yake ikimgeukia kuwa mgeni. Kusaga, kuchota maji, kupika, kufagia, kupokea wageni kwa heshima, yote haya yalikuwa yakifanyika naye asiyaone. Kwa desturi ya nchi kazi hizo si zake; hakufundishwa, na akizifanya atachekwa. Mtungaji hatoi hotuba juu ya haki ya wanawake. Amwonyesha mtu mwenye ng'ombe na shamba ambaye hawezi kula vizuri. Msomaji aelewa, kabla Myombekere mwenyewe hajakiri, kwamba jamaa waliomfukuza mke kwa sababu hazai walikuwa wamehesabu kazi moja tu katika kazi zake zote.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe yaingia na kuongeza maana ambayo huenda mtungaji hakuikusudia. Katika Kiswahili mji ni mahali wakaapo watu, wawe wengi au wachache. Na katika sehemu nyingi za bara mji waweza kuwa boma la mtu mmoja na jamaa zake. Tena neno hilo hilo lataja kiungo cha uzazi, kama katika mji wa mimba. Basi shida ya Myombekere na Bugonoka yaweza kusemwa kwa neno moja. Mji usiopata mtoto ni mji utakaokufa, na mji wa mwanamke ndio unaobeba mji wa mume. Hapana haja ya kudhani kwamba Kitereza alicheza na neno hili, kwani kitabu alikitunga kwa Kikerewe. Yatosha kwamba alipokileta katika Kiswahili alikuta lugha iliyokwisha kuyaunganisha mambo hayo mawili, na kwamba mtu asomaye kwa lugha hii hulisikia jambo ambalo msomaji wa tafsiri ya Kiingereza hawezi kulisikia. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto, naye kama Mkatoliki hakuoa mke mwingine. Hayo si ya kufanywa ufunguo wa kitabu, lakini yaeleza kwa nini kurasa za kungojea mimba hazina kelele. Zimeandikwa na mtu ajuaye muda wa kungojea.

Hata hivyo kitabu kina upungufu wake, na kumsifu mtungaji si sababu ya kuuficha. Kijiji cha Kitereza ni cha zamani ambazo yeye mwenyewe alizipata kwa masimulizi ya wazee, na masimulizi ya wazee huchuja. Ugomvi upo, wivu upo, uchawi waogopwa, kifo hakikosekani. Lakini mtawala yu mbali, na ule uzito wa utawala juu ya mkulima, kodi zake na amri zake, wasikika kama ngurumo ya mbali tu. Mambo kwa jumla hupatana. Mtu akikosa hutozwa, akilipa husamehewa, na mizani hurudi mahali pake. Msomaji ana haki ya kuuliza: wako wapi wale ambao mizani haikurudi kwao? Yuko wapi mwanamke aliyerudishwa kwao na asifuatwe? Yuko wapi mtu asiye na jamaa, ambaye akitozwa pombe hana wa kumsaidia kuikamua? Bugonoka alikuwa na bahati ya kupendwa. Desturi ile ile, kwa mume mwingine, ingalimwangamiza.

Jibu la maswali haya lapatikana katika kisiwa kile kile, kwa mtungaji aliyezaliwa miaka 48 baadaye. Kezilahabi katika Rosa Mistika, kilichotoka 1971, aanzia Namagondo, kijiji alichozaliwa yeye mwenyewe. Nyumba ya Zakaria na Regina ni mji wa Myombekere uliopinduliwa. Huku watoto wapo, tena ni wengi. Upendo ndio usiopatikana. Baba ni mlevi. Mke na binti ndio wenye kuubeba mzigo wa nyumba. Rosa apigwa vibaya na babaye kwa sababu ya barua ya mvulana, na mapigo hayo yamfuata shuleni, na chuoni, na katika kila kosa alifanyalo baadaye, mpaka ajiue. Kwa Kitereza pombe ni malipo yanayowapatanisha watu. Kwa Kezilahabi ndiyo inayoila nyumba. Mtu hawezi kusoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana bila kuona kwamba cha pili, hata bila kukusudia, ni jibu kwa cha kwanza. Kijiji hakina wema wa kuzaliwa nao. Mamlaka yale yale ya baba ambayo katika hadithi moja yawalinda binti na heshima yake, katika nyingine yamvunja mbavu.

Kezilahabi aliendelea kukichimba kijiji katika Kichwamaji cha 1974, ambamo Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, arudi kwao akiwa hawezi tena kukaa kwao. Na katika Dunia Uwanja wa Fujo cha 1975, ambamo Tumaini, baada ya kutangatanga, awa mkulima mkubwa, kisha aona mali yake ikichukuliwa kwa jina la ujamaa, aua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kufa. Katika Gamba la Nyoka cha 1979 kijiji cha Kisole chapambana na watu waliotumwa kuwahamisha wenyeji wake. Huu ni ushujaa wa kalamu. Vitabu hivi vilitoka wakati ambapo ilikuwa rahisi zaidi kuusifu ujamaa kwa shairi kuliko kuuliza maswali kwa hadithi, na Kezilahabi aliuliza. Mahali alipofaulu zaidi ni katika kuonyesha mamlaka: nani asema, nani anyamazishwa, nani afaidika kwa jina la wote.

Lakini Kezilahabi naye ana upande asiouona. Vijiji vyake vyatazamwa kwa macho ya mtu aliyekwisha kutoka kwa njia ya shule. Watu wa Kisole wajulikana kwa mabishano yao zaidi kuliko kwa mashamba yao. Msomaji ajua wanakataa kuhama, na amehuzunika pamoja nao. Hajui kwa ukamilifu wanachokiacha. Je, ni migomba ya umri gani? Ni ardhi iliyotiwa mbolea na mababu wangapi? Ni kisima cha nani? Kwa kuwa kazi za kijiji hazikuelezwa, kukataa kwao huweza kuonekana kama ukaidi, na hapo msomaji wa mjini hurudi polepole kwenye lile neno la kale, ushamba. Kezilahabi asingependa matokeo hayo. Yametokea kwa sababu ya jambo lililoachwa nje ya hadithi.

Hapa ndipo suala la fasihi lakuwa suala la watu. Mwezi wa Septemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Andiko hilo lilijengwa juu ya picha ya jamaa ya Kiafrika ya kale, nalo lilizitaja nguzo zake tatu: kuheshimiana, kushirikiana mali ya lazima, na wajibu wa kila mtu kufanya kazi. Kwa uaminifu mkubwa lilitaja pia kasoro mbili za maisha yale, yaani kutokuwa sawa kwa wanawake na umaskini. Baadaye ushawishi uligeuka kuwa amri. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kukaa katika vijiji si hiari tena, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikapitishwa 1975. Mamilioni ya watu walihamishwa. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika, kila moja karibu na shamba lake, zilihesabiwa kuwa dalili ya kukosa mpango, na watu waliwekwa kwa mistari kando ya barabara, wengine mbali na mashamba yao, na katika sehemu kadha nyumba za kale zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Zahanati, shule na visima vilifika mahali pengi ambapo havikuwapo, na hilo ni jema lisilokanika. Lakini hasara za kilimo na za moyo zilikuwa kubwa pia.

Ukimsoma Kitereza baada ya andiko la 1967, waona mahali ambapo picha na maisha viliachana. Ushirikiano katika mji wa Myombekere upo, tena ni mwingi. Lakini si wa jumla, na si wa bure. Kila msaada una mwenyewe, una sababu, na una siku ya kurudishwa. Jirani asaidia kukamua ndizi kwa kuwa kuna uhusiano unaohesabika baina yake na Myombekere. Wema wa kijijini una hesabu. Wala hesabu hiyo haiuharibu wema. Ndiyo inayoufanya udumu, kwa sababu kila mtu ajua ni nani amwie na ni nani awiwaye. Mpango uliochukua ushirikiano na kuacha hesabu yake ulitaka watu wafanye kazi kwa ajili ya wote bila kujua zamu ya nani itafuata. Kadhalika nyumba zilizotawanyika zilikuwa na mpango wake, ila mpango huo ulikuwa umeandikwa katika ardhi, haukuandikwa katika karatasi. Ukara, kisiwa kidogo jirani ya Ukerewe, chajulikana sana na wataalamu wa kilimo kwa sababu hiyo. Watu wake, kwa kubanana katika ardhi chache, walikuwa wakifuga ng'ombe ndani, wakiwakatia majani na kukusanya samadi yao, wakapanda mimea ya kurutubisha udongo, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Maarifa ya namna hiyo yamefungwa na umbali wa hatua chache baina ya zizi na shamba. Mwondoe mtu mahali pale, na maarifa yake mengi yabaki nyuma.

Haiwezi kudaiwa kwamba kitabu kimoja kingeizuia amri ya serikali. Vitabu havina nguvu hiyo. Lakini yastahili kukumbukwa kwamba katika miaka ile yote, tangu andiko la 1967 mpaka mwisho wa kuhamisha watu 1976, maelezo marefu na makini kuliko yote yaliyopata kuandikwa na Mtanzania juu ya jinsi mji wa mkulima unavyosimama yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na hayajachapwa. Nchi ilikuwa ikibishana juu ya kijiji, na mwenye kukijua alikuwa hai Ukerewe, na karatasi zake zilikuwa zikizeeka pamoja naye. Sababu ilikuwa lugha. Kikerewe kilihesabiwa kidogo mno, na Kiswahili kilikuwa hakijapewa nafasi ya kuyapokea.

Kwa wanaofanya kazi ya lugha, funzo hili lina upande wa matumizi. Kamusi za Kiswahili ni tajiri katika maneno ya jahazi, ya sheria, ya ibada na ya biashara, kwa sababu pwani ilikuwa na mambo hayo na waliokusanya maneno walianzia pwani. Katika kazi za kilimo cha bara, majina ya udongo, hatua za kukua kwa nafaka, aina za migomba, vyombo vya pombe, sehemu za boma na zizi, zina upungufu. Kitereza, alipokifasiri kitabu chake, ilimbidi aivute lugha ifike mahali ambapo haikupata kufika. Pengine aliazima neno la Kikerewe na kulieleza, pengine alilinyosha neno la Kiswahili lifunike kitu kipya. Wako waliosema Kiswahili chake kina uzito wa Kikerewe. Ni kweli, nacho ni faida. Uzito huo ni alama za miguu ya lugha iliyokuwa ikiingia kijijini kwa mara ya kwanza ikiwa na nia ya kukaa. Kazi ya kuyakusanya maneno hayo, kuyalinganisha na ya Kisukuma, Kijita, Kihaya na lugha nyingine za jirani, na kuyatia katika kamusi kwa maelezo kamili, yangoja watu wa kuifanya. Mwenye kuifanya ataona kwamba kila neno la kazi lina watu wawili au zaidi ndani yake: mwenye chombo na mwenye kukiazima, mwenye shamba na mwenye kulima kwa zamu.

Watungaji wa leo nao hawalazimiki kumwiga Kitereza. Zamani zake hazirudi, na kijiji cha sasa kina simu, bodaboda, mikopo ya pembejeo, na vijana wanaokwenda na kurudi kati ya shamba na mji hata haijulikani ni wa wapi. Ukali wa Kezilahabi wahitajiwa zaidi kuliko zamani, maana wenye kusema kwa niaba ya wanakijiji hawajapungua. Lakini ukali bila ujuzi wa kazi huishia katika huruma, na huruma ya mtu wa mjini ni jamaa wa karibu wa dharau yake. Mtungaji atakaye kukijua kijiji na aanze na swali dogo, lile alilotozwa Myombekere ukweni: pombe hii itatengenezwa na nani, kwa ndizi za nani, katika chombo cha nani? Akiweza kulijibu bila kubahatisha, atakuwa amekwisha kuwajua watu.